Mabingwa wa Mizizi

Mnicheke taratibu, kwa sababu Voi nzima ilishanicheka.

Mwaka huo wa tisini na kitu nilikuwa karani wa ukumbi, na nilijiona bingwa wa Kiingereza. Bendi moja ikaandika barua kwamba inakuja kupiga "roots rock", na itatanguliwa na "supporting act". Nikatafsiri mwenyewe, nikabandika bango sokoni: MABINGWA WA MIZIZI KUTOKA NAIROBI, PAMOJA NA WASAIDIZI WAO. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA.

Ukumbi ulijaa pomoni, nami nikavimba kichwa. Wazee wengi walishuka kutoka Sagalla wakiwa na chupa tupu. Nikadhani ni za maji. Wasaidizi, vijana wawili wenye magitaa, walipiga nyimbo tano bila mtu kucheza wala kupiga makofi. Nikajiambia, watu wetu wana adabu.

Kisha bendi yenyewe ikapanda jukwaani. Mwimbaji akapaza sauti, "Voi, mko tayari?"

Mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka polepole na chupa yake. "Tuko tayari, mwanangu. Mimi ni goti, na mzee wangu hapa ni mgongo. Hiyo mizizi ni ya kuchemsha ama ya kusaga?"

Mwimbaji akashusha maikrofoni. "Mama, nani alikuambia tuna dawa?"

Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Si huyo karani anayetoroka! Nilimuuliza kama mizizi yenu ni ya kweli, akaniapia kwamba hata asiyeweza kusimama atacheza."