Sebule ni ya Levina

Levina wa Mtendeni, mjini Tabora, alikuwa muuza vitenge. Alipanda treni mpaka Kigoma, akachukua mzigo wa vitenge vya Kongo, akarudi kuuzungusha minadani, Nzega, Igunga, popote penye watu. Mzigo ukishapungua humwachia mwenzake meza na kuelekea pembeni ya mnada, kule ambako watu hutandika magunia na kumwaga vitu walivyovitoa darini: taa za chemli zisizo na vioo, sahani za bati zenye maua, vibuyu vyenye shanga, vigoda vya mti mmoja.

Hakununua ili auze. Alinunua apambe nyumba yake. Miaka yote ya ndoa sebule ile ilipangwa na ndugu wa mumewe, mpaka rangi ya pazia. Mumewe, Leodgar, alipofariki, Levina alikaa na msiba wake mwaka mzima, kisha akang'oa mapazia.

Kitu alichokipenda kuliko vyote alikipata Ujiji. Ulikuwa ubao wa mlango wa kale, umechongwa maua na minyororo, umewekwa chini ya meza ya muuza samaki mmoja aitwaye Mzee Mustafa, umejaa magamba ya migebuka.

"Mama, hiyo ni kuni," Mzee Mustafa alimwambia.

"Basi niuzie kuni."

Akampa doti mbili za vitenge kwa ajili ya mkewe, akaondoka na ubao. Kwenye treni aliambiwa hauingii behewani. Ukaingia. Levina aliubana katikati ya magoti usiku kucha mpaka Tabora, na fundi wa Ng'ambo akautengenezea miguu ukawa benchi.

Majirani walicheka. Wifi yake Flavia, dada mkubwa wa marehemu, yeye hakucheka. "Mtu akiingia humu atauliza mganga yuko wapi," alisema. Levina akamkaribisha chai.

Ndipo ikaja posa. Binti yake Julieth alikuwa amepata mchumba, Festo, kijana wa Nzega, na wazee wa kijana wakaleta taarifa kwamba watafika Jumamosi mchana. Asubuhi ya siku hiyo Levina aliona viti havitatosha, akaenda mnada wa Isikizya, akapata vigoda vinne vya mninga, akavifunga kwenye pikipiki na kurudi mbio.

Nje ya nyumba yake alikuta kirikuu cha mizigo kimeegeshwa. Uani, juani, vitu vyake vyote vilikuwa vimerundikwa: benchi limepinduliwa, nyungo zimetolewa ukutani, sahani moja ya maua imebanduka rangi. Alipochungulia ndani akaona makochi mekundu makubwa, hata pa kupita hapakuwapo. Flavia alikuwa anapanga vitambaa.

"Nimeazima kwa jirani yangu mama Silasi," Flavia alisema. "Nimekuokoa na aibu, wifi. Wageni wakiondoka utarudisha takataka zako."

"Nani amekufungulia mlango?"

Julieth alitoka chumbani, macho chini. "Mimi, mama. Nilikuwa naona aibu."

Lile lilimchoma Levina kuliko makochi. Alisimama mkono kiunoni, vumbi la Isikizya bado usoni. Kisha akasema polepole, "Hao watu wanakuja kukuomba wewe au wanakuja kuomba makochi?"

"Mama, wao wana nyumba nzuri."

"Na hii ni nzuri. Nimeitafuta kituo kwa kituo. Kama unaionea aibu, hiyo aibu ni yako, baki nayo. Sebule ni yangu."

Akamwita dereva wa kirikuu. "Baba, ulivyoyaingiza ndivyo uyatoe."

"Levina!" Flavia alipaza sauti. "Mdogo wangu angekuwepo usingethubutu."

"Kweli, dada. Nisingethubutu. Nimechelewa sana."

Dereva aliangalia huyu, akaangalia yule, akashika kochi. Levina akashika upande wa pili. Walipofika kochi la tatu, Julieth alikuja akashika pia. Flavia alitoka, akakaa kwenye kirikuu karibu na dereva, akaondoka na makochi. Mama na binti wakarudisha benchi, nyungo na vigoda sebuleni.

Wageni walifika saa nane, watano, wakiongozwa na Mzee Masolwa, baba mkubwa wa Festo. Shikamoo zikatolewa, zikaitikiwa marahaba. Shangazi wa kijana, mwanamke mnene aliyevaa saa ya dhahabu, alisimama katikati ya sebule akitafuta.

"Viti viko wapi, mama?"

"Hivyo hapo ndivyo viti. Karibu, shangazi."

Shangazi alikishukia kigoda kwa kunung'unika, magoti yakifika karibu na kidevu. Levina hakuomba radhi, wala hakuleta mto. Mazungumzo yakaanza kwa baridi. Ilipofika zamu ya kumuuliza binti kama anawafahamu wageni, Julieth alitoka amevaa kitenge cha mama yake, akaketi kwenye benchi la Ujiji, akasema anawafahamu, na kwamba amekubali. Baada ya wali na kuku wa kienyeji hata shangazi alikuwa anacheka, ingawa aliinuliwa na watu wawili.

Wakiwa mlangoni Mzee Masolwa aliuliza kama nyumba ya Julieth nayo itakuwa hivi.

"Hiyo muulizeni yeye," Levina alijibu.

"Mimi nitanunua kochi," Julieth alisema.

"Nunua," mama yake akamwambia. "Chagua mwenyewe tu."

Flavia alikuja harusini, akakaa meza ya mbali, na mpaka leo salamu yake kwa Levina ni ya kichwa tu. Levina humwamkia kwa sauti, kila wanapokutana, mtaa mzima usikie. Wiki iliyofuata harusi alipanda treni tena. Akashuka Kaliua, na jioni alikuwa anabishana na mama mmoja juu ya mtungi wa udongo uliovunjika mdomo.