Maiti ya baba-mukwe ilienda, mimi nikabakia kulinda plombi

Kila mutu wa hapa Butembo mwenye kununua gari anakuja kuniuliza: muzee, niongeze makuta, ile pesa, juu ya ile garanti ndefu ama niache? Ninabajibu mbiombio na banaenda, lakini hakuna hata mumoja mwenye nilishaelezea fasi nilijifunzia hii mambo, juu fasi yenyewe iko ya haya, na ile haya haijaisha, hata sasa nikipita kule mbele ya Musienene ninaangalia upande ingine. Leo nitasema yote. Mwenye kucheka acheke, lakini nazani hamutacheka sana.

Mimi sikusoma. Nilikaa ku masomo miaka kidogo tu kule Lubero, mupaka mwalimu akachoka na mimi ama mimi nikachoka naye (tulichoka pamoja), nikaanza kubeba magunia ya viazi ku mugongo, kisha ku chukudu, ile baiskeli ya miti ya kusukuma, kisha nikanunua viazi yangu mwenyewe, na leo niko na depo ya viazi hapa Butembo, mu Kimemi, na nyumba ya matofali, na hakuna mutu alinipatia hata senti. Sisemi hivi juu ya kujisifu. Bon, ni juu ya kujisifu pia, lakini muelewe: mutu mwenye alijitengeneza mwenyewe hapendake kushukuru mutu.

Basi nikanunua pikapu ya mazutu, ile dizeli, milango mine, nyeupe, ilitokea Dubai, ilishatumika kule lakini kwa macho yangu ilikuwa mupya. Muuzaji, kijana mumoja wa kravati ku shingo mwenye ofisi ya vioo, akaniambia garanti ya bure ni ya miezi kidogo, lakini nikiongeza makuta (ile makuta ingeninunulia ngombe muzuri wa Lubero) garanti itafika miaka mbili, na moteri ikiharibika bo wenyewe banatengeneza. Lakini, akasema, na alisema wazi, sitamusingizia: moteri tunaifunga plombi, pompe na filtre (chujio) ya mazutu pia, kawaya kadogo na karisasi kake, na kama mutu mwingine anakata plombi, garanti imekufa.

Nikarudi nyumbani kufikiri. Bibi yangu Masika akauliza, mbele ya batu bote ku meza: «Juu ya nini ulipe batu bengine kufungua gari yako, na Kambale iko?»

Kambale ni ndugu yake mudogo, fundi wa magari, iko na garage yake hapa Butembo, na siku ile yeye mwenyewe alikuwa pale anakula na sisi. Nikajibu bila kumuangalia: «Kambale atengeneze magari ya batu ba kawaida. Hii inataka batu benye kuisomea.» (Mimi njo nilisema vile, mimi mwenye nilikimbia masomo.)

Kambale akaendelea kukula. Kisha akasema: «Ni sawa, shemeji. Mungu ailinde.»

Kweli yenyewe, garage yake ni muzuri. Lakini shemeji akitengeneza gari yako bure, siku zote anakaa ndani kama mwenye gari, na mimi sikutaka. Nikaenda kulipa garanti ndefu. Na kisha kulipa nikaanza kuitembeza: siku ya Mungu nikitoka misa nafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, mbele ya kanisa, naonyesha batu kale karisasi ka plombi, nasema munaona, hapa hakuna nyundo ya mutu itaingia, hapa ni miaka mbili. Bazee benzangu banainama, banaangalia, banasema ee.

Sasa nifike ku mambo yenyewe. Baba ya Masika, muzee Paluku, alikuwa anakaa kwangu. Vita ilimufukuza mu kijiji chake, kule juu, ukipita Lubero, akakuja na koti moja na radio, akatuachia huko kaburi ya bibi yake na shamba ya maharagwe. Hakusumbuaka mutu. Kitu kimoja tu aliniomba, siku tulikuwa tunaota jua ku mulango, akaniambia: «Mukwe, uko na gari. Siku yangu ikifika utanirudisha ku kaburi ya mama ya Masika. Usiniache katikati ya batu benye sijui.» Nikamuambia baba, hiyo hata usiulize.

Akakufa mu siku za mvua. Na kwetu mukwe mwenye gari njo anabebaka baba-mukwe wake, akikodisha gari ya mutu mwingine batu bataongea mupaka bachoke. Barabara ilikuwa imefunguliwa ile wiki, lakini ukitoka Lubero basoda banafungaka barrière, ile kizuizi ya barabara, magaribi, mwenye kuchelewa analala pale pale, na kila mutu alijua vita inaweza kurudi siku yoyote, donc ilikuwa ni kufika ile siku ama kubahatisha.

Misa ikaisha asubui mapema. Sanduku tukaiweka nyuma ya pikapu, bamama bakakaa pembeni yake na kuimba, nikafunga kitambaa cheusi na maua ku kapo, na bengine bakatufuata ku pikipiki, Kambale kati yao na mufuko yake ya vyombo (mufuko hiyo anaendaka nayo hata ku ndoa). Ku station ya mazutu kulikuwa foleni ndefu, nikaona hapana, nikanunua ya bidon, ile banauzaka mu madumu kando ya barabara, nikaendelea. Nilikuwa nimevaa kositimu. Batu banatoa kofia tukipita, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia muzuri.

Tukapita Musienene. Ku mupando ya kilima ya kwanza kisha pale gari ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nikaanzisha, inazunguka tu. Bamama bakaendelea kuimba kidogo, kisha wimbo ikakufa pia.

Kambale akashuka ku pikipiki, akafungua kapo, akainua maua akayaweka muzuri ku majani, akaangalia, akanusa mazutu. «Ni maji, shemeji. Mazutu ya bidon ile. Maji imejaa mu filtre. Nakata hapa, namwanga maji, tunaenda. Baba hatajua hata kama tulisimama.»

Na mimi, mbele ya batu bote, nikasema: «Hapana gusa. Kuko plombi.»

«Plombi naiona. Na baba pia namuona.»

«Kambale, hiyo ni garanti ya miaka mbili. Kuko benye kazi yao.»

Mama Kahindo, dada ya marehemu, mama muzee sana mwenye alikuwa amekaa na mukono ku sanduku, akainua kichwa. «Mukwe wetu, huyu Garanti, ni mutu?»

«Hapana, mama. Ni mapatano na benye baliniuzia gari.»

«Basi bakuje babebe sanduku.»

Mutu mumoja nyuma akacheka kwa pua. Ile kicheko iliniharibu. Kama hangecheka labda ningekubali, sijui, lakini pale nikaona kama nikiacha Kambale afungue, yote nilisemaka mbele ya kanisa itakuwa uongo, na yeye atarudi Butembo na ushindi yake. Nikapanda ku kilima kutafuta rezo ya simu, na viatu vya misa, naanguka, nasimama, nikapigia kijana wa kravati. Sikio yangu ya kuume haisikie muzuri, donc naweka simu sauti ya inje, na ku kilima ile sauti inashuka mupaka mu barabara, batu bote bakasikia.

«Muzee, kama ni mazutu muchafu, ile haiko mu garanti.»

«Basi tufungue sisi?»

«Ah non. Mukifungua, munapoteza garanti yote. Mungojee fundi wetu.»

«Atafika saa ngapi?»

«Leo iko mbali. Kesho, kama barabara ni muzuri.»

«Kijana, niko na maiti mu gari.»

«Pole sana, muzee. Lakini usifungue.»

Na mimi nikajibu, na sauti ya kizungu: «Merci, nimeelewa.» Chini kule batu banainua macho banaangaliana.

Nikashuka nikabaambia tungojee, nitapigia tena, nitabaongezea kitu kidogo bamutume leo. Nikapanda tena. Nikashuka. Mvua ikaanza kunyesha. Bamama bakatoa vitenge vyao bakafunika sanduku, bo bakabakia na nguo nyepesi mu baridi, na Kambale alisimama kando ya kapo mikono mu mufuko, haikukuwa gari yake. Kila mara nilikuwa nasema kidogo tu, kidogo tu, na magaribi inakaribia.

Kukatokea lori moja, Fuso tupu, inaenda Lubero kuchukua viazi. Shofere akasimama bila kusimamishwa, akashuka, akatoa kofia, akauliza tu: «Anaenda wapi, muzee wetu?» Bakamuambia. Akafungua mulango ya nyuma. Bakahamisha sanduku, bakailalisha juu ya magunia mazee yenye udongo, udongo yenye mimi nilikuwaka nabeba ku mugongo, naijua harufu yake. Batu bote bakapanda. Masika akapanda wa mwisho, akageuka.

«Unakuja?»

Hapa njo fasi ninaonaka mu akili kila siku. Ilikuwa neno moja tu. Lakini nikaangalia pikapu yangu mupya katikati ya barabara, nikasema: «Na nani atabakia na gari?»

Fuso ikaenda.

Nikabakia mimi na gari yenye kitambaa cheusi. Na ile njo ilikuwa azabu yenyewe, juu batu benye banatoka mashamba, bakiona kitambaa banasimama, banatoa kofia, banafanya alama ya musalaba, kisha banaangalia nyuma na hakuna kitu. Baba mumoja na jembe yake akaniuliza kwa upole: «Maiti iko wapi, papa?»

«Imeshaenda.»

«Na wewe?»

«Nalinda gari.»

«Ya nani?»

«Yangu.»

Akarudisha kofia ku kichwa, akaenda bila kuniaga.

Nililala mule ndani. Asubui fundi wa garanti akafika na pikipiki, overalls safi, akakata plombi yake mwenyewe, akamwanga maji ya filtre, akarudisha, akafunga plombi ingine, wakati ya kukula ndizi moja. Moteri ikashika. Akaniambia nilipe, juu mazutu muchafu haiko mu garanti, vile balishaniambia. Kisha akaangalia kale karisasi kazee, akatikisa kichwa na heshima: «Umefanya muzuri, muzee. Batu bengi banafungua.» Njo asante moja tu nilipata mu ile safari.

Nikakimbia mupaka Lubero. Pale bakaniambia. Fuso ilifika ku barrière na imeshafungwa. Shofere akaomba, Mama Kahindo akaomba na magoti, basoda bakakataa, balikuwa na amri ya commandant yao. Bakalala pale na sanduku. Asubui bakasikia masasi ya bunduki mbele, barabara ikafungwa kabisa, na maiti haiwezi kungojea vita. Bakamuzika mu makaburi ya Lubero, upande ya mwisho, kati ya mutoto wa batu fulani na mwanamuke mwenye hakuna mutu alijua jina yake. Nilifika udongo imeshapandishwa. Pikapu yangu ilikuwa inangaa, mvua iliiosha.

Masika hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu: «Tungefika mbele ya saa kumi na mbili, barrière ilikuwa wazi.» Akaenda kukaa na bamama.

Kisha siku za kilio kuisha, familia ikakutana kwangu mu parcelle, mu nyumba yangu, juu ni kubwa kupita zingine. Vile inafanyikaka, mutu mumoja wa familia anasimama kushukuru benye balisaidia, kila mutu na kazi yake, na alikuwa Kambale. Akashukuru padri. Akashukuru bamama na vitenge vyao. Akashukuru shofere wa Fuso, mwenye alikuja kabisa na alikalishwa mbele, fasi yangu. Kisha akafika kwangu, sauti yake haikubadilika, hakukuwa na mucheko ndani, na ni ile njo iliniua:

«Na tunashukuru shemeji. Alilinda gari.»

Batu bakapiga makofi, vile banapigaka kwa kila jina. Mimi pia nikapiga. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kesho yake nikachukua pense, ile koleo ya kukata, nikafungua kapo, nikakata plombi zote mimi mwenyewe. Masika alikuwa anafagia, akaniona, akaendelea kufagia.

Basi, mwenye kutaka jibu, ni hii. Barabara zetu zinavunja resori, zinakula pneu, ile mipira ya magurudumu, zinaingiza matope na mazutu ya maji, na zote zile, soma vizuri ama uliza mwenye kusoma, hazimo mu garanti. Moteri yenyewe ya zile gari haikufake mbio. Donc mara mingi unalipia kitu yenye haitaharibika. Lakini kama unataka kulipa, lipa, ni makuta yako. Mimi gari yangu haitafungwa tena na mutu, mupaka nikufe. Sasa Kambale njo anaitengeneza. Anakuja, anafungua, anafanya kazi muzuri, ananidai kama mutu yoyote, anachukua makuta yake na anaenda bila kukula. Na muzee Paluku angali katikati ya batu benye hajui.