Mgongo wa Mama Siku ya Kahawa

Kwamba yule shosho, bibi kizee wa kijijini kwetu, aliwahi kumwinua mtu aliyelala kitandani miezi mingi, hilo nililisikia tu, nami sitalithibitisha. Ninaloandika hapa nililiona mwenyewe, na limenirudia asubuhi hii kwa sababu binti yangu anayeyusha mafuta ya kondoo ili anikande mgongo.

Ilikuwa kahawa yetu ya kwanza. Ilikwisha kuchumwa, na isipofika kiwandani siku iyo hiyo ingechacha na kukataliwa. Mama alikuwa amelala kifudifudi, hawezi hata kugeuka. Ukutani ulining'inia mukwa, ukanda wa ngozi ambao akina mama hubebea mizigo kwa paji la uso. Shosho, mkandaji wa kijiji, alichovya vidole katika mafuta ya moto, akaanza kumbinya kiunoni.

“Huu ni mgongo ama ni gunia ya mawe?”

“Shosho, polepole!”

“Polepole ni ya watoto. Pumua. Na huo mukwa usiuguse mpaka mwezi uishe.”

Nilisikia kiuno kikialika kama bua kavu. Mama akaketi. Shosho alipotoka kunawa mikono, mama alitazama jua lilivyopanda, akautwaa mukwa.

Watu walisema ni mikono iliyomponya. Huenda ilikuwa ile kahawa, sina ushahidi. Ninachoweza kuapia ni kwamba aliinuka na gunia la kahawa bila kushika mlango, nami nilimwona akienda, ameinama, mpaka mibuni ilipomficha.