Jumapili ya Kasdi na Ndege Wake

Jumapili, Jakarta, kila mtu ana pa kukimbilia. Wenye nazo huenda kwenye yale maduka makubwa, wakapigwa na kiyoyozi kutwa nzima, wakarudi na kimfuko kimoja. Sisi wa vichochoro vya Tambora tuna ndege. Nikisema sisi nawasema wao, maana mimi Ngadiman na ndege hatupikiki chungu kimoja. Mwanamume mzima anaamka alfajiri kumwogesha ndege, kumwanika juani, kumlisha panzi kwa vidole huku akimbembeleza kama bi harusi! Hilo halijaniingia akilini mpaka leo.

Shemeji yangu Kasdi ndiye mgonjwa wao mkubwa. Ni dereva wa bodaboda, amemwoa mdogo wangu Tumini. Wiki nzima yuko barabarani na koti lake la kijani, akirudi yuko hoi, anaoga, analala fofofo. Jumapili ni ya Sultani. Huyo Sultani ni ndege mweusi, kifua rangi ya kutu, mkia mrefu, na anaiga sauti yoyote anayoisikia mara kwa mara. Hapo ndipo kazi ilipo. Wenyewe humfunika ndege kwa kitambaa, wakamwekea simu karibu ikicheza nyimbo za ndege wengine, naye mle gizani anazishika moja moja. Siku ya mashindano anazimwaga zote, na mwenye mchanganyiko mtamu kuliko wenzake ndiye mshindi. Lakini akishika sauti mbaya, ya paka au ya honi, basi ameharibika, kumsahaulisha ni kazi bure. Kwa sababu hiyo tundu la Sultani lilitundikwa jikoni, nyuma kabisa, mbali na kelele za kichochoro.

Mimi siku hizo shida yangu haikuwa ndege. Ilikuwa mdogo wangu. Tumini huuza wali wa nazi asubuhi pale mdomoni mwa kichochoro, na wateja walianza kuniuliza pembeni mbona amekonda vile. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka, blauzi inamning'inia. Mama yetu alikufa kwa kifua kikuu, na alianza hivyohivyo. Nilipomwambia Tumini twende hospitali akawa mbogo.

"Kaka, niache. Nimechoka tu, na joto lote hili."

"Unakohoa?"

"Umewahi kunisikia nikikohoa?"

Kusema kweli sikuwahi. Nikamwendea Kasdi, nikamkuta anapiga tundu msasa.

"Shemeji, mkeo anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Humwoni alivyokwisha?"

"Anafunga Jumatatu na Alhamisi, shemeji. Nyinyi dada yenu akipungua kidogo tu mnaanza kutafuta sanda. Kukohoa hakohoi. Wewe ndiye unayelala naye au mimi?"

Nikaondoka nimevimba kwa hasira. Nikaamua Jumapili nifuatane naye huko mashindanoni, nimpate akiwa hana abiria wala usingizi, nimbane mpaka akubali kumpeleka Tumini hospitali.

Basi Jumapili nikapanda nyuma ya pikipiki, tundu limefunikwa, nimelipakata mimi, mtu wa miaka hamsini. Kila tukipita kwenye shimo Kasdi anauliza, "Yuko salama?" Nikadhani ananiuliza mimi. Nikaanza maneno yangu kwenye taa za kwanza nyekundu.

"Kesho umpeleke."

"Kesho nina kazi."

"Ungekuwa ni huyu ndege, ungelala mlangoni kwa daktari."

"Shemeji, leo usinivurugie siku. Wiki nzima naingojea."

Kiwanja kiko nyuma ya soko, banda refu lisilo na kuta, vyuma vya kutundikia matundu vimepangwa kwa safu. Wenye ndege husimama nyuma ya kamba, waamuzi hupita chini ya matundu wakiwa na vibendera mkononi, na ndege anayempendeza mwamuzi huchomekewa kibendera. Kazi ya mwenye ndege ni kupiga kelele ili mwamuzi asimpite. Wanaume wanaoogopa wake zao nyumbani, pale wanafoka mpaka mishipa inawatoka shingoni.

Kando yetu alisimama Haji Mukri, fundi wa friji, mwenye ndege wawili na mdomo usio na breki.

"Kasdi, leo umekuja na bawabu?"

"Ni shemeji yangu, Haji."

"Ndiyo maana ana sura ya kudai mahari. Karibu, mzee. Hapa hakuna wali, kuna kahawa tu."

Vitambaa vikaondolewa. Sultani akajinyoosha, akapandisha mkia, akaanza. Mimi nisiyependa ndege nasema kweli, aliimba. Alitoa mlio wa ndege wa msituni, akaukata, akaingia kwenye wa kanari, akarudi na kitu laini kama filimbi. Mwamuzi akasimama. Kibendera cha kwanza kikachomekwa, kisha cha pili. Kasdi alinishika mkono bila kujua kuwa ni mkono wangu.

Ndipo Sultani akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kisha kimoja kirefu cha kuvuta kutoka ndani, kama cha mtu aliyejiziba mdomo na nguo. Watu wakaangua kicheko.

"Kasdi, mpe Sultani dawa ya kifua," akasema Haji Mukri, machozi ya kucheka yanamtoka. "Au umemfundisha kwa sigara?"

Mwamuzi naye akacheka. Akaving'oa vibendera vyote viwili, akasogea kwa mwingine.

Kasdi uso ulikuwa umemwiva. "Ni jirani," akaniambia. "Yule mzee wa ukuta wa nyuma, mvuta sigara. Ameniharibia ndege. Leo nikirudi atanitambua."

Sultani akarudia. Akakohoa vilevile, na safari hii akaongeza kitu. Sauti ya kijiko kikikoroga ndani ya glasi, taratibu, kisha kikigongwa mara mbili ukingoni.

Kugonga kijiko vile baada ya kukoroga tangawizi ni mazoea ya mama yetu. Tumini aliyachukua kwake tangu utotoni, na kwetu hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nikamtazama Kasdi, nikaona naye amesikia. Alikuwa kama mtu anayehesabu kitu kichwani na hesabu inakataa kuishia pengine.

"Anakwenda jikoni," akasema. "Mimi nikishalala, anakwenda kukoholea jikoni."

Haji Mukri akaacha kucheka. Akamshushia Kasdi tundu yeye mwenyewe, akalifunika, akanipa nilishike.

Tukarudi moja kwa moja nyumbani. Tumini tulimkuta mlangoni, anamenya vitunguu kwenye ungo.

"Mbona mapema? Kashindwa?"

Kasdi hakuvua hata kofia ya pikipiki. "Tumini, unakohoa."

Tumini akanigeukia mimi kwa macho makali. "Kaka, umeshampelekea maneno yako?"

"Si yeye," akasema Kasdi. "Sultani. Amekohoa mbele ya watu, kisha akakoroga tangawizi yako."

Tumini alimtazama mumewe, akatazama tundu, akaanza kucheka. Kicheko kikamgeukia kikohozi, na kile hakuweza kukizuia. Alijikunja juu ya ungo, vitunguu vikamwagika, na ilikuwa sauti ileile ya bandani, hakuna tofauti, ila hii ilikuwa na mtu ndani yake. Aliposhusha ukingo wa ushungi kutoka mdomoni aliukunja haraka. Niliona wekundu.

"Tangu lini?" akauliza Kasdi.

"Ungetaka niseme nini? Wakijua nina kifua, nani atakula wali wangu? Kichochoro hiki nakijua. Mama alipougua walikuwa wanavuka upande wa pili."

"Hao ni wateja. Mimi ni mumeo. Mimi ungeniambia."

"Nikuambie saa ngapi, Kasdi? Jioni ukiingia unanipita hapa mlangoni, unakwenda jikoni kumwuliza yeye kama amekula." Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimesimama hapohapo, kila siku."

Kasdi akaingia ndani, akatoka na sweta yake nene, akamvisha mwenyewe, akikosea mikono ya sweta. Tumini hakubisha tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko damu.

Hospitali siku ya Jumapili ni foleni na madirisha yaliyofungwa, lakini muuguzi alipomwona Tumini alimpitisha moja kwa moja, akapelekwa kupigwa picha ya kifua. Tukabaki sisi wawili kwenye benchi. Yule muuguzi, binti mdogo tu, akarudi kumwuliza Kasdi maswali.

"Ameanza kukohoa lini?"

"Sijui," akasema Kasdi.

"Usiku anatokwa jasho?"

"Sijui."

"Anakula vizuri?"

Kasdi akanitazama mimi. Nami sikujua.

"Damu ameanza kuitoa lini?"



Binti akashusha kalamu. Hakuwa mkali, aliuliza kama mtu anayetaka kujaza nafasi iliyo wazi. "Samahani, baba. Mnaishi nyumba moja?"

Kasdi akasema ndiyo, nyumba moja, chumba kimoja. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia pale mbele ya watu. Muuguzi alimsubiri anyamaze, halafu akamwuliza tena kuhusu damu.