Kilichofungwa Hakifunguliwi

Chumba cha majalada kilikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na tisa kutoka mlango wa nyuma wa jengo. Mama Muhuri alizishuka ngazi hizo kwa miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata siku moja, pamoja na siku aliyomzika mumewe. Siku hiyo aliingia saa moja na nusu, akapokea barua za asubuhi, akazigonga muhuri zote, ndipo akaenda kuzika. Watu walimsema. Yeye alijibu kwamba marehemu alikuwa hodari wa kuchelewa, na safari hii zamu ya kusubiri ilikuwa yake.

Kule chini hakukuwa na dirisha la maana. Lilikuwapo moja karibu na dari, upana wa daftari, lakini mkurugenzi fulani wa zamani alilipaka rangi ya kijivu ili wapita njia wasichungulie siri za ofisi. Wapita njia wenyewe wangelazimika kulala kifudifudi barabarani ndipo wachungulie. Mlango ulikuwa wa chuma wenye springi, ukijifunga wenyewe kama mdomo wa mbea aliyeitwa kutoa ushahidi. Sakafu ya saruji ilikuwa na ufa uliotambaa kutoka kabati la kwanza hadi la sita. Mama Muhuri aliufagia kila asubuhi, akajivunia kwamba hata ufa wake ni msafi.

Alikuwa na sheria moja kubwa: kilichofungwa hakifunguliwi bila saini ya juu. Aliipata kwa machozi. Mwaka wake wa kwanza kazini alifungua bahasha ya mkurugenzi wa wakati ule, akakuta barua ya mapenzi, tena isiyotoka kwa mke. Nusura afukuzwe. Tangu hapo, hata mfuko wa karanga aliopewa na wenzake ulingoja ruhusa.

Basi siku moja akaja mtaalamu, kijana mwenye viatu vya vumbi. Kwa sababu alianza kwa kuuliza jengo limekaa juu ya mwamba gani, mlinzi wa mlangoni akambatiza Daktari wa Mawe, akamsindikiza hadi chini.

"Mama, mwamba wa hapa unatoa gesi," mtaalamu alieleza. "Inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, huioni wala huigusi."

"Kama nyongeza ya mshahara," mlinzi akasema.

"Nje inapotea hewani. Katika chumba cha chini kama hiki inapenya kwenye nyufa, inajikusanya. Ukiivuta miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Sasa tunapima majengo arobaini, ili tujue wapi pa kurekebisha na kwa gharama gani."

Akampa pakiti tatu za karatasi ya kung'aa, kila moja na kikopo cha plastiki ndani. Mbili za kupimia, moja ya akiba. Zikae rafuni miezi mitatu, usawa wa pua. Mama Muhuri akauliza kama kuna maelezo mengine. Mtaalamu alikuwa ameshafika ngazi ya tano, na majengo thelathini na tisa yalikuwa yanamsubiri.

"Maelezo yote yamo ndani ya pakiti, mama."

Ndani ya pakiti. Iliyofungwa.

Mama Muhuri akazipa namba, akazigonga muhuri wa tarehe, akazipanga rafuni usawa wa pua kama alivyoagizwa, na kwa miezi mitatu akazifuta vumbi kila Jumatatu. Dereva wa wataalamu alipokuja kuchukua zile mbili za kwenye orodha, alimkabidhi zikiwa hazina hata mkunjo. "Nchi ingekuwa na watu kumi kama wewe," dereva alisema. Mama Muhuri alitembea na sifa hiyo wiki nzima kama kitenge kipya.

Taarifa ya wataalamu ilikuja baada ya mwaka: kurasa mia mbili na kumi na mbili juu ya madhara ya radoni na gharama za kuipunguza. Maabara ilikuwa imezichana pakiti bila kuuliza kwa nini zilikuja zimefungwa, na chumba cha majalada kikaonekana kuwa na hewa safi kuliko bustani. Dawa yenyewe, bomba la kupenya sakafuni na feni ya kunyonya hewa ya chini na kuitupa juu ya paa, ingegharimu pungufu ya zulia la ofisi ya mkurugenzi, ghorofa ya nne. Kwa jengo hili, wataalamu waliandika, haihitajiki. Mkurugenzi alilisoma neno hilo moja tu, akaamuru jalada lifungwe. Mama Muhuri akalifunga.

Wakati huo alikuwa anakohoa. Alikohoa msimu mzima akisingizia vumbi, hadi siku alipoona damu kwenye leso. Hospitalini daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, aliitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu.

"Unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Unafanya kazi wapi?"

Alipoeleza, daktari akamuuliza kama hewa ya huko imewahi kupimwa. "Imepimwa," Mama Muhuri akajibu kwa fahari iliyobaki. "Ni safi kuliko bustani."

"Basi sijui. Saratani haina muhuri, dada. Haisemi imetoka wapi." Akampa miezi miwili, na mitatu kama Mungu akipenda.

Kesho yake alilitoa jalada. Kusoma kilichofungwa hakukukatazwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angesoma. Ukurasa wa themanini na nane ulisema: vikopo vyote vilitolewa kwenye pakiti zake siku ya kwanza, kwa sababu gesi haipenyi karatasi ile ya kung'aa. Akausoma mara tatu. Kisha akainua macho, akamtazama msichana aliyekuwa akipanga barua kwenye meza iliyokaa juu ya ufa. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, miaka ishirini na minne, ameajiriwa miezi miwili iliyopita ili arithi kiti. Mama Muhuri mwenyewe ndiye aliyembembelezea kazi hiyo.

Alipanda hadi ghorofa ya nne akipumzika kila kituo cha ngazi.

"Mzee, nimekosa. Vikopo sikuvifungua. Naomba wapime tena."

Mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimkaribisha kiti kwa heshima zote. "Mama, jalada lile si limefungwa?"

"Limefungwa."

"Nani kalifunga?"

"Mimi."

"Na wewe siku zote unatufundisha nini?"

Mama Muhuri alilitazama zulia. Lilikuwa zuri kweli.

Kule chini alimwambia mwanawe, yule msichana, aombe uhamisho. Msichana alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Mama mkubwa, nimezunguka na vyeti miaka mitatu. Nikiomba uhamisho kabla ya kuthibitishwa, watanihamishia nyumbani."

Basi Mama Muhuri alichukua pakiti ya akiba. Akaichana. Karatasi ya maelezo ikadondoka, na mstari wa kwanza ulisema: fungua pakiti hii. Alikaa chini akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, na msichana akamshika mgongo. Akakiweka kikopo rafuni, usawa wa pua ya mwanawe, akaandika tarehe. Siku tisini. Mwisho akaichukua ile taarifa nene akaikandamiza chini ya mlango wa chuma ili usijifunge. Ilikuwa mara ya kwanza taarifa hiyo kuingiza hewa mahali.

Kikopo na yeye walianza kushindana siku hiyo. Yeye alishindwa kwa siku kumi na moja. Alizikwa siku ya kazi, na msichana aliomba ruhusa ya kutwa nzima.

Siku ya tisini msichana alikipeleka kikopo mwenyewe kwa Daktari wa Mawe, ndani ya mkoba. Majibu yalikuja kwa barua, na barua zote za jengo hushukia chini: hata mlango ukiwa wazi, mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa. Akaigonga muhuri, akapanda nayo juu.

Mkurugenzi aliisoma yote safari hii, kwa kuwa ilikuwa fupi. Akaiweka chini polepole.

"Pakiti ilifunguliwa kwa saini ya nani?"

"Ya marehemu."

"Lakini binti, jalada hili limefungwa."

"Nimelifungua asubuhi, mzee," msichana alisema. Akageuka kushuka, maana barua za saa nne zilikuwa hazijapokewa.