Fundo la Mashua Juu ya Nguzo

Mwanangu, siku ile ya kijijini Sabaki naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Wakati ule sikucheka.

Tulikuwa tukivuta faiba, ule waya wa intaneti, hadi zahanati ya pale, ili daktari aliye Malindi aone picha za wagonjwa bila wao kusafiri. Mimi mtoto wa mvuvi, kila waya niliufunga kwa fundo la baba, lile la kufungia mashua. Waya wa simu niliufunga hivyo, wa antena pia, na haukulegea hata mmoja. Basi faiba nayo nikaikaza barabara kwenye nguzo, nikashuka ngazi nikijisifu.

Kesho yake asubuhi tukawasha mtambo. Kimya, picha haiendi! Na ndani ya zahanati alikuwa amelala Bi Mishi, mja mzito wa miezi minane. Mtoto alikuwa hachezi tangu jana yake, naye anasubiri daktari aone picha ya tumbo lake. Fundi wetu mkuu, Mzee Katana, akamgeukia Kahindi, mwenzangu.

"Wewe ndiye uliyeunga. Kazi gani hii?"

Kahindi akainamisha kichwa. Nami fundo langu nilikwisha kuliona kule juu, nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Wallahi, hapo ndipo ninapoona haya.

Kisha nikamsikia Bi Mishi akiuliza kwa sauti ndogo, "Bado, wanangu?" Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, niwie radhi. Ni mimi. Nimeifunga kama mashua."

Akanionyesha kule juu ya nguzo. "Waya wa simu ndani ni shaba, ukiukunja haujali. Hii ndani ni kioo chembamba kama unywele, na kinachopita ni mwanga. Umeunyonga. Haya, panda ukafungue!"

Nikapanda, nikalifungua fundo. Kahindi akakata pale kioo kilipovunjika, akaunga upya, wala hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Picha ikaenda. Daktari akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, mama apumzike tu. Alhamdulillahi, nililia mbele ya watu.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujakaza kitu, uliza ndani mna nini, hata kama mkono wako umezoea. Na ukikosea sema upesi, mwenzako asibebe lako. Mola akupe mkono mpole na ulimi mkweli.

Yule mtoto sasa ni binti mkubwa. Tukikutana njiani huniamkia, "Shikamoo, babu," nami huitika marahaba kwa moyo wangu wote.