Juzuu ya Mfamasia

Ustadhi alipoingia darasa lake la Kurani la chuo kikuu saa kumi na moja jioni, alikuwa hoi bin taabani. Asubuhi alifundisha watoto arobaini, mchana akapanga vitabu maktaba. Sauti ilikuwa imekauka kama gome la mti. Mkewe humtania: "Wa asubuhi hawana meno, wa jioni wana ndevu, na wote wako kwenye alifu, herufi ya kwanza!"

Katika wanafunzi saba wa jioni, Mfamasia, aliyekuwa akisomea dawa, ndiye aliyesoma Kurani kama maji ya bomba. Siku ile Ustadhi akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Anzia hapa."

"Nianze juu, Ustadhi?"

"Hapa."

Macho yakatangatanga ukurasani. Pangaboi lilizunguka, jasho likamtoka kijana. Kumbe alikariri kwa masikio tu, herufi hazijui.

"Daktari kaishiwa dawa!" mwenzake akaropoka. Darasa zima likacheka. Ustadhi hakuwa na nguvu za kucheka.

Wengine walipotoka, Mfamasia alibaki, kichwa chini. "Jumapili ni hitima, kisomo cha kumwombea marehemu baba yangu. Juzuu thelathini za Kurani zitagawiwa watu, kila mtu asome yake. Miaka yote mimi natikisa midomo tu. Jirani akigeuza ukurasa, nami nageuza. Lakini huyu ni baba, Ustadhi. Siwezi kumdanganya."

"Siku tano hazitoshi juzuu, mwanangu."

"Najua."

Ustadhi alitamani kitanda chake kama mgonjwa. Alikwisha kuinua mkoba. Akautua, akavuta kiti.

"Haya. Alifu."

Jioni tano walibaki mpaka mlinzi akatikisa funguo mlangoni. Kidole kilichozoea kupima dawa kikatambaa herufi kwa herufi. Ustadhi alisinzia kwenye kiti, lakini kijana akiteleza tu, sauti ilitoka ndani ya usingizi: "Rudi nyuma."

Jumatatu Mfamasia akaja mapema.

"Ehe?" Ustadhi akauliza.

"Nilisoma ukurasa mmoja na nusu. Wenzangu wote walishafunga juzuu zao. Ami mkubwa, kaka yake baba, akaniuliza mbele za watu, 'Wewe umelala?' Nikamwambia sijui kusoma, ndiyo kwanza najifunza."

"Akasemaje?"

"Akageuza uso. Jirani yangu akanimalizia juzuu. Baadaye ami akanivuta pembeni, akaninong'oneza, 'Huko darasani kwenu wanapokea na wazee?'"

Ustadhi alishusha pumzi ndefu, akasugua macho yake mekundu. Halafu akaburuta kiti kingine.

"Mwambie asisahau miwani."